Theluthi ya Chakula: Familia Changa na Bustani Yake Mjini Leipzig

Mjini Leipzig, mashariki ya Ujerumani, mwezi wa Machi ni mwezi wa madirisha. Apitaye barabarani na kuinua macho ataona, katika ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne, vikopo vitupu vya mtindi vimepangwa mstari nyuma ya vioo, na ndani ya kila kikopo mna udongo mweusi na mche mdogo wa nyanya wenye majani mawili. Nje baridi ingali inauma, miti haina hata jani moja, na watu wamejifunika makoti mazito. Lakini ndani ya nyumba kilimo cha mwaka kimekwishaanza.

Msomaji aliyezaliwa karibu na ikweta hana budi afafanuliwe jambo hili kwanza. Kwenye ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na mkulima akitazama juu hutafuta wingu la mvua. Leipzig iko mbali sana kaskazini. Mwishoni mwa Desemba mchana huwa wa saa 8 hivi tu, na mwishoni mwa Juni huwa wa saa 16 na zaidi. Kati ya giza lile na nuru hii ndipo yalipo majira ya kuchipua, yaani miezi ya Machi, Aprili na Mei. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zote za nchi husogezwa mbele kwa saa moja, ili watu waufaidi mwanga wa jioni.

Wakati huo mkulima hangojei mvua, hungoja joto. Adui yake ni jalidi, yaani baridi kali ya usiku inayogandisha umande na kuunguza jani changa kana kwamba limepitiwa na moto. Tena msimu mkubwa wa kupanda ni mmoja tu kwa mwaka. Aliyeharibikiwa na miche yake mwezi wa Mei hana vuli ya kujitetea.

Familia moja changa yatosha kuwa mfano wa mamia ya nyingine. Baba ni fundi wa umeme, mama ni muuguzi afanyaye kazi ya zamu, binti ana umri wa miaka sita na mwanawe wa pili ana miaka miwili. Wanakaa katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu, ghorofa ya nne. Paa lipo, maji yapo, jiko lipo, ila udongo wa kutia jembe haupo. Hali hiyo inajulikana vyema na kila mtumishi aliyepata kuishi katika nyumba za kazi. Uwanja wao wa nyuma, kwa hiyo, hauko nyuma ya nyumba. Uko mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli, ng'ambo ya njia ya reli, katikati ya vipande vingine vingi vilivyogawanywa kwa nyua fupi na njia nyembamba za changarawe.

ASILI YA BUSTANI HIZI

Wajerumani huziita bustani hizo Schrebergarten, kwa jina la daktari Moritz Schreber wa Leipzig, aliyefariki mwaka 1861. Ajabu ni kwamba daktari huyo hakupata kulima hata tuta moja ndani yake. Yeye alihimiza watoto wa mjini wapate mazoezi ya viungo na hewa safi, maana viwanda vilikuwa vimeongezeka na nyumba zimebanana. Mwaka 1864 mkuu wa shule, Ernst Innozenz Hauschild, alianzisha chama cha wazazi na walimu, akakiita kwa jina la marehemu, na chama kikajipatia kiwanja cha watoto kuchezea. Mwaka 1868 mwalimu mstaafu Heinrich Karl Gesell aliongeza vitalu vidogo kandokando ya kiwanja, ili watoto wajifunze kupanda.

Watoto, kama ilivyo desturi yao, walipanda kwa furaha na kupalilia kwa uvivu. Magugu yalipozidi, wazazi waliingia wenyewe na majembe. Vitalu vya watoto vikageuka kuwa vitalu vya familia, vikazungushiwa ua, na jina la daktari likabaki juu yake. Nyumba ya chama hicho cha kwanza, iliyojengwa mwaka 1896, ingali imesimama, na tangu mwaka 1996 ndani yake mna makumbusho ya bustani ndogo za Ujerumani.

Jambo lililoanza kama mchezo wa watoto lilikuja kuwa ngao ya njaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majira ya baridi ya mwaka 1916 kuingia 1917, viazi viliadimika kiasi kwamba watu wa mijini walikula tanipu ambazo kwa kawaida hupewa mifugo. Mwaka 1919 ilitungwa sheria ya kuwalinda wapangaji wa bustani wasifukuzwe ovyo wala wasitozwe kodi ya kuwaumiza. Vita ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, hali ilikuwa mbaya tena. Mjini Berlin hata bustani kubwa ya matembezi iitwayo Tiergarten ilikatwa miti kwa ajili ya kuni, na ardhi yake ikapandwa viazi na mboga. Baadaye, katika Ujerumani ya Mashariki iliyodumu hadi mwaka 1990, matunda na mboga yaliyozidi katika bustani ndogo yalinunuliwa na serikali ili yaongeze chakula madukani.

Leo mji wa Leipzig una bustani za namna hiyo zaidi ya 30,000. Njaa ya vita imekwisha, lakini watu hawakuziacha. Tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020, familia zilipofungiwa ndani ya vyumba vyao, waombaji wa bustani waliongezeka katika miji mingi ya nchi hiyo.

SHERIA YA THELUTHI

Asidhani mtu kwamba kupata kipande ni kupata uhuru wa kufanya apendavyo. Sheria ya nchi, iliyoanza kutumika mwaka 1983 upande wa magharibi na kuenea mashariki baada ya nchi kuungana mwaka 1990, inasema kipande kisizidi mita za mraba 400. Kibanda kilichomo kisizidi mita za mraba 24 pamoja na baraza lake, wala kisiwe cha kukaliwa daima. Kodi ya ardhi isizidi mara nne ya ile itozwayo mahali hapo kwa mashamba ya biashara ya matunda na mboga. Kwa sababu hiyo mtu wa mshahara mdogo aweza kuimudu.

Lakini unafuu huo una masharti. Bustani ni ya kuzalisha chakula cha nyumbani pamoja na kupumzika, na mwaka 2004 mahakama kuu ya rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba, kwa kawaida, theluthi moja ya eneo haina budi kulimwa matunda na mboga. Mwenye kupanda nyasi tupu na kuweka viti vya kuotea jua amekiuka mkataba. Huonywa kwa barua, na akikaidi aweza kunyang'anywa kipande akapewa mwingine anayengoja.

Vyama navyo vina taratibu zake. Vingi vimekataza kelele za mashine tangu saa saba hadi saa tisa mchana, ili wazee na watoto wapumzike. Kila mwanachama hutoa saa kadhaa kwa mwaka kwa kazi ya pamoja, kama kufyeka kando ya njia, kupaka rangi lango au kutengeneza bomba la maji.

MAKOSA YA MWAKA WA KWANZA

Familia hiyo ilikabidhiwa kipande chake wakati wa majani kupukutika. Kilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 240, na aliyekuwa nacho kabla yao alikiacha kikawa pori la nyasi, miiba na mtufaha mmoja mzee. Majira ya kuchipua yalipofika binti alipanda mbegu za nyanya kwa kidole chake mwenyewe, moja katika kila kikopo. Vikopo vilikuwa ishirini na vinne. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ya watoto wadogo alivihesabu.

Katikati ya Aprili likaja juma la joto. Mtufaha ukachanua, nyuki wakavuma, watu wakavua makoti. Baba, ambaye kazi yake ni ya kuona taa inawaka papo hapo anapobonyeza swichi, hakuona sababu ya kungoja. Jirani yao wa bustani, bibi mmoja wa umri wa miaka themanini na zaidi, alimwambia kwa upole kwamba Mei haijapita. Baba akamshukuru, na Jumamosi hiyo, mama akiwa zamuni hospitali, akahamisha miche yote ishirini na minne ardhini.

Usiku mmoja wa mwanzo wa Mei mbingu zikawa wazi bila wingu, upepo ukatulia, na jalidi ikashuka. Asubuhi miche yote ilikuwa imelala, myeusi, imelegea kama mboga iliyochemshwa. Baba alitaka kununua mingine sokoni upesi kabla mtoto hajaona, lakini mtoto alikwisha kuona. Hakulia sana. Aliuliza tu ni nani aliyeitoa ndani, kisha akakataa kwenda bustanini kwa majuma mawili.

Nyumbani maneno yakawa machache. Mama aliuliza kwa nini hakungojewa, na baba hakuwa na jibu. Zamu za kazi zikawabana, nyasi zikarudi, na mwezi wa Agosti ikaja barua ya chama. Barua haikuwa na ukali. Ilisema kwamba eneo lililolimwa halifikii theluthi, na kwamba kamati itapita kupima tena mwezi wa Juni wa mwaka unaofuata. Mkataba wao ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja.

MPANGO WA MWAKA WA PILI

Mwezi wa Februari, theluji ikiwa bado juu ya mapaa, wazazi hao wawili waliketi mezani na karatasi kubwa. Hesabu ilikuwa nyepesi: theluthi ya 240 ni 80. Wakagawanya mita hizo 80 kwa matuta. Wakaandika kila zao na tarehe yake, na kila kazi na mwenyewe. Baba atachimba na kubeba, mama atashika kalenda, na binti ataandika majina ya mimea kwenye vijiti. Mtoto mdogo alipewa kazi ya kuokota mawe, nayo akaifanya kwa bidii, ijapokuwa mengi aliyarudisha mahali pengine palepale bustanini.

Jambo kubwa walilojifunza ni kwamba mimea haina ujasiri sawa mbele ya baridi. Figili, spinachi, njegere na vitunguu huvumilia ardhi ya baridi, kwa hiyo vilipandwa mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Figili ni rafiki wa familia yenye watoto, maana huwa tayari kuliwa baada ya majuma manne hadi sita, kabla mtoto hajasahau kwamba aliipanda. Viazi viliwekwa kwanza katika trei za mayai karibu na dirisha ili vichipue, kisha vikatiwa ardhini mwisho wa Aprili. Lakini nyanya, matango, maboga na maharage ni mimea ya asili ya nchi za joto. Hiyo haipandwi nje mpaka watakatifu wa barafu wapite.

WATAKATIFU WA BARAFU

Hao ni watakatifu wa kale wa Kanisa ambao sikukuu zao zinafuatana katikati ya Mei: Mamertus tarehe 11, Pankratius tarehe 12, Servatius tarehe 13, Bonifatius tarehe 14, na mwisho Sophie tarehe 15. Wakulima wa Ujerumani waliona tangu zamani kwamba siku hizo baridi ya kaskazini hupenda kurudi kwa ghafula, nao wakaziita siku za watakatifu wa barafu. Si kila mwaka baridi hiyo huja. Lakini mkulima mwenye busara huiheshimu kila mwaka, kama vile mlinzi asivyoacha lindo kwa sababu usiku wa jana ulikuwa shwari.

Mwaka huo miche ya nyanya ilikuwa ishirini na minne vilevile, kwa amri ya binti. Kuanzia mwisho wa Aprili mama aliianzisha mazoezi. Siku ya kwanza ilitolewa ibarazani kivulini kwa saa moja, siku ya pili kwa saa mbili, kisha nusu ya mchana, na kila jioni ikarudishwa ndani. Mche uliokulia nyuma ya kioo una ngozi laini. Ukipelekwa juani na upeponi kwa siku moja huungua, kama kuruta aliyetoka nyumbani jana hawezi kupewa leo matembezi ya maili ishirini na mzigo mgongoni.

Tarehe 10 Mei ilikuwa siku ya joto. Katika bustani mbili za jirani watu walikuwa wamekwisha kupanda nyanya zao na kuzifunga kwenye mambo. Baba alizitazama sana. Jioni alisimama mbele ya dirisha lenye miche, akapima kwa mkono jinsi ilivyorefuka, akasema kwamba vikopo sasa vimekuwa vidogo. Mama hakujibu. Aliinuka, akaonyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani, kisha akarudi kukunja nguo. Baba akacheka, na miche ikabaki ndani.

Tarehe 13 redio ilitangaza hatari ya jalidi. Nyanya zilikuwa salama ghorofani, lakini viazi vilikuwa vimekwisha kutoa majani juu ya ardhi, na jani la kiazi pia haliwezi baridi. Mama alikuwa zamuni. Mtoto mdogo akaachwa kwa jirani wa ghorofa ya tatu, na baba na binti wakapanda baiskeli, mashuka makuukuu yamefungwa nyuma. Ilikaribia saa tatu usiku, nuru ya mwisho ikiwa bado magharibi. Walipiga udongo juu ya majani madogo kwa jembe, na majani makubwa wakayafunika kwa mashuka na kuyawekea mawe pembeni, yale mawe aliyookota mtoto.

Bibi jirani alikuwapo naye, akifunika vyake kwa magazeti. Alipomaliza aliegemea ua akamsimulia binti habari za majira ya baridi ya mwaka 1946 kuingia 1947, yeye akiwa mtoto wa umri kama wake. Mama yake alikuwa ameng'oa mawaridi yote ya bustani hiyohiyo ili apande viazi, na watoto walikatazwa kumenya, kwa kuwa ganda nalo ni chakula. Baba akasikia kutoka kwenye tuta lake. Mwaka uliopita alidhani bibi huyo anampa maneno ya kizee tu. Sasa alimwendea, akamsaidia kufunika tuta lake la mwisho.

Asubuhi nyasi za njiani zilikuwa nyeupe. Mwisho wa safu moja, mahali ambapo shuka lilipungua, mashina manne ya viazi yalikuwa meusi. Yaliyobaki yote yalikuwa hai. Hata hayo manne yalichipua tena kutoka chini baada ya majuma machache, kwa sababu kiazi kina akiba yake ardhini.

SIKU YA KUPIMA

Siku ya pili baada ya Sophie familia nzima ilishuka ngazi za ghorofa nne, kila mtu na sanduku lake. Mashimo yalichimbwa marefu, kila shimo likatiwa konzi ya mboji kutoka lundo la nyuma ya kibanda, na binti akaweka mche mmoja mmoja kwa mkono wake, akihesabu kwa sauti hadi ishirini na nne. Maji yalitekwa katika pipa la mvua, kwa kuwa maji ya mvua hayagharimu kitu, tena yamekwisha kupata joto la jua. Baadaye maharage yalitiwa kuzunguka mambo, na boga moja likapewa ukingo wa lundo la mboji, ambako litambae lipendavyo.

Kazi haikuishia hapo. Konokono wasio na gamba hutoka usiku baada ya mvua, na kwa usiku mmoja waweza kumaliza safu nzima ya saladi. Jioni nyingi za Mei na Juni baba na binti walizunguka na taa na ndoo kuwaokota. Wala mavuno hayakuwa ya kulisha nyumba mwaka mzima. Unga, maziwa na nyama vilinunuliwa dukani kama kawaida. Lakini tangu mwanzo wa Mei haikupita jioni bila kitu kibichi cha bustanini mezani. Figili zilikatwa vipande vyembamba juu ya mkate wenye siagi na chumvi, kisha ikaja spinachi, kisha saladi, na mwezi wa Juni njegere ambazo nusu yake hazikufika nyumbani, maana watoto walizila njiani.

Katikati ya Juni wajumbe watatu wa kamati walipita na utepe wa kupimia. Walitembea kati ya matuta kwa uangalifu wasikanyage. Mmoja alishika mwanzo wa utepe, mwingine mwisho, na wa tatu akaandika. Vipimo vilikuwa mita za mraba 84, bila kuhesabu mtufaha. Mwenye daftari akatia alama, akauliza ni nani aliyeandika vijiti vya majina kwa herufi kubwa hivyo, kisha wakaenda kwenye ua wa pili.

Kwa familia yoyote ya mshahara mdogo, ardhi kidogo si jambo la kudharauliwa, ikiwa kazi imegawanywa waziwazi na kila mmoja analiheshimu neno la mwenzake. Haraka ya siku moja iliwagharimu wazazi hao mwaka mzima, na mwaka wa pili haukuokolewa na nguvu za mikono peke yake. Uliokolewa na karatasi ukutani, na mtu aliyekubali kuitii wakati jua lilipomshawishi vingine.

Jioni ya siku hiyo ya kupima mama aliviosha vikopo vyote vya mtindi, akavipanga kimoja ndani ya kingine, akaviweka juu ya kabati la jikoni. Binti akavihesabu. Vitashushwa tena Machi.